Kaka yangu amekataa ukocha mkuu: ni woga, au kuna tusiloliona?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu ni kocha msaidizi wa timu ya Ligi Kuu ambayo msimu huu iko nafasi ya tano. Wiki ya mwisho ya Januari alipigiwa simu na timu nyingine ya Ligi Kuu, ya mkoa mwingine, wakamtaka awe kocha mkuu. Wenyewe wako nafasi ya 15, wana pointi 11 katika mechi 17. Mshahara waliomtajia ni milioni tatu na nusu; hapa alipo analipwa milioni moja na laki nane. Leseni yake ya ukocha ni B, ya A ndiyo anaisoma. Walimwambia hilo la leseni watalimaliza wao. Kaka akakaa siku mbili, akakataa. Nyumba yao ya Kihonda imefika kwenye linta, wifi yangu amenuna, mama anasema mwanawe karogwa, na kijiweni wanasema kaogopa. Yeye ukimuuliza anajibu "si kazi ile," basi. Mwalimu, ni woga, au kuna jambo sisi wa nje hatulioni? (Mdogo mtu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniandikia namba kuliko wanavyoandika waandishi wengi wa michezo, na namba zenyewe zimeshajibu nusu ya swali. Nafasi ya 15, pointi 11, mechi 17, wiki ya mwisho ya Januari. Ungenitumia hizo nne tu bila kunitajia mshahara, ningekuambia kaka yako ana akili timamu.

Hebu tuhesabu. Ligi yetu ina timu 16 na mechi 30. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda kwenye mchujo. Timu yenye pointi 11 katika mechi 17, tuseme imeshinda mbili, imetoka sare tano, imepoteza kumi. Zimebaki mechi 13. Ili ipone, timu iliyoshinda mara mbili toka msimu uanze inatakiwa sasa ishinde mara sita au saba. Kwa wachezaji gani? Wale wale. Dirisha dogo la usajili kwa kawaida hufungwa katikati ya Januari, na hao walimpigia kaka yako wakati limeshafungwa. Kijiweni hawaiangalii hiyo tarehe. Kiongozi anayetafuta kocha mwezi Juni anatafuta mtu wa kumjengea timu. Anayetafuta mwishoni mwa Januari, yuko mkiani na hawezi tena kusajili, mara nyingi anatafuta mtu wa kusimama mbele ya wanachama siku timu itakaposhuka. Sisemi wote wana nia hiyo. Wapo wanaoamini kabisa kwamba sauti mpya chumbani itawaamsha wachezaji, na kweli huwa wanaamka, mechi mbili tatu. Baada ya hapo miguu inarudi kuwa ile ile.

Mashabiki wa Manchester United wa rika langu wanamkumbuka Brian Kidd. Huyu bwana ni mtoto wa Manchester, aliyefunga bao kwenye fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1968 siku aliyotimiza miaka 19. Mwaka 1991 akawa msaidizi wa Alex Ferguson. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mazoezi ya kila siku, vijana wa akademi anawajua toka wakiwa watoto, na wakabeba ubingwa 1993, 1994, 1996 na 1997. Desemba 1998 Blackburn Rovers wakamwita. Walikuwa wamemtimua kocha wao Roy Hodgson, timu iko chini kabisa, lakini si klabu ya kubeza: miaka mitatu tu nyuma walikuwa mabingwa wa England, na mwenye klabu ana hela. Enzi zile usajili Uingereza ulikuwa wazi mpaka Machi, kwa hiyo Kidd alikuwa hata na nafasi ya kununua wachezaji, na alinunua. Ukilinganisha na simu aliyopigiwa kaka yako, ile ilikuwa ofa ya dhahabu. Akaenda.

Tarehe 12 Mei 1999, kwenye uwanja wao wenyewe wa Ewood Park, Blackburn walitoka sare ya bila kufungana, na sare hiyo ikawashusha daraja. Waliocheza nao ni Manchester United. Kidd amesimama kwenye mstari upande mmoja, na upande wa pili liko benchi alilolikalia miezi mitano iliyopita, sasa kalikalia Steve McClaren, aliyechukuliwa Derby mwezi Februari na kuanza kazi kwa ushindi wa 8-1 dhidi ya Nottingham Forest. Siku nne baadaye United wakachukua ligi. Wiki iliyofuata wakachukua Kombe la FA. Tarehe 26 Mei, mjini Barcelona, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, yale mabao mawili ya dakika za nyongeza dhidi ya Bayern, mataji matatu kwa msimu mmoja. Kidd aliyaona kama mimi na wewe. Novemba ya mwaka huo huo Blackburn wakamfungashia virago.

Nakueleza habari yake si kwa sababu alikosea kuondoka. Miaka saba unapanga koni za mwenzio, unaitwa na klabu yenye hela, unakataaje? Ninachotaka ukione ni kilichofuata. Alirudi kuwa msaidizi, na usaidizi ulimpenda kuliko ulivyompenda ukocha mkuu: toka 2009 mpaka 2021 alikuwa Manchester City, chini ya Mancini, Pellegrini na Guardiola, na timu hiyo ikabeba ligi mara tano. Walimu watatu wenye falsafa tatu tofauti, na kila mmoja alimkuta pale akambakiza. Yule mtu hakuwa amepungukiwa kitu. Kazi aliyoiweza kuliko watu wote ilikuwa ile ya kwanza.

Hapo ndipo neno la kaka yako, "si kazi ile," linapoeleweka. Ninyi mnasikia majivuno au woga, mimi nasikia mtu anayesema kitu cha kawaida kabisa. Mitaani tunauona ukocha kama ngazi: msaidizi chini, mkuu juu, ukipanda umefanikiwa. Walioko ndani wanajua ni kazi mbili zinazovaa fulana moja ya mazoezi. Msaidizi anafika uwanjani kabla ya wengine, anahesabu mipira na mtunza vifaa, anapanga koni, anatazama nani kashuka kwenye bajaji akichechemea. Mchezaji aliyegombana na mkewe usiku hamwambii kocha mkuu, maana kesho anataka kupangwa, anamwambia msaidizi. Msaidizi ndiye anayekaa na wale wasiocheza, na hao ndio wenye maneno. Usiku anakata vipande vya video vya kona za mpinzani kwa bando lake mwenyewe. Kocha mkuu muda huo yupo kwenye simu na mwenyekiti, au anasubiri kujua kama mafuta ya basi la kwenda ugenini yamepatikana, au anawajibu waandishi kwa nini fulani hakucheza, wakati sababu ya kweli haiwezi kusemwa redioni. Unaweza kuwa bingwa wa kazi moja ukawa wa kawaida sana kwenye nyingine, na hakuna mtihani wa kukuonyesha mapema. Unajua ukishaingia.

Mimi sikumkumbuka Kidd siku yangu ilipofika. Nilikuwa msaidizi mwaka wa nne, timu inalipa, mwalimu mkuu ananiamini, watoto wanasoma karibu na nyumbani. Februari nikapigiwa simu na timu moja ya mikoani, ya pili kutoka mkiani. Kaka yako alikaa siku mbili akifikiri. Mimi nilijibu kabla chai haijapoa.

Nilifika kwa basi la usiku. Katibu akanipokea stendi, akanipeleka moja kwa moja uwanjani kwamba wachezaji wananisubiri. Niliwakuta 14, na waliosajiliwa ni 27. Mipira ilikuwa tisa, miwili imevimba ubavu kama mtu mwenye jino. Nikauliza wengine wako wapi, nikaambiwa wana ruhusa. Baada ya mazoezi nahodha akanivuta pembeni, pale kwenye bomba la maji, akawa anavua soksi taratibu huku anaongea bila kuniangalia: "Mwalimu, sisi na wewe hatuna shida. Huu ni mwezi wa tatu hatujalipwa. Wale wasiokuja wanacheza mechi za ndondo mitaani." Akamaliza soksi ya pili, akaenda.

Siku ya mechi yangu ya kwanza, saa tatu asubuhi, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulitoka kwa mjumbe mmoja wa kamati ya utendaji, mtu mwenye vituo vya mafuta, ambaye ndiye aliyekuwa analipia basi na kambi. Aliandika majina 11. Chini yake: "Ni ushauri tu mwalimu." Nikapanga kikosi changu, tukafungwa mbili bila. Mechi ya pili ujumbe ukaja tena, majina yale yale. Safari hii nikamwingiza mmoja kati ya vijana wake, nikajiambia mmoja haharibu kitu. Nilipokuwa natangaza kikosi kule chumbani nikafika kwenye jina hilo, na hakuna aliyesema neno. Beki mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu. Alisimamisha mkono kidogo, kisha akaendelea. Timu niliipotezea pale. Barua ya kuachana ilikuja baadaye kama risiti tu.

Nilidumu siku 68. Mechi saba, nilishinda moja, sare mbili. Habari kwamba tumeachana "kwa makubaliano ya pande zote mbili" niliisikia redioni, barua nikaipata kesho yake. Kati ya mishahara yangu walinilipa mmoja. Iliyobaki niliidai kwa barua na mashauri, nikaja kupata nusu baada ya miaka miwili. Kazi yangu ya zamani ilikuwa imeshapata mtu. Kwa miezi 14 nikafundisha watoto wa shule jioni, na kila klabu niliyoiomba kazi ilianza na swali moja: ilikuwaje kule, mechi saba ukashinda moja? Mipira tisa na ndondo hazimo kwenye wasifu wa mtu. Kilichomo ni ile namba.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua wifi yako anasubiri hapo. Milioni tatu na nusu ni karibu mara mbili ya milioni moja na laki nane, kwa mwezi. Lakini nyumba haijengwi kwa mwezi mmoja. Kaka yako akikaa alipo mwaka mzima anapata milioni 21.6, na timu iliyo nafasi ya tano inashinda mara kwa mara, kwa hiyo kuna posho za ushindi juu yake. Akienda kule Februari mpaka Juni, ni milioni 17.5, kama watalipa yote, na timu inayopigania kubaki ndiyo ya kwanza kuchelewesha. Ikishuka, Julai yuko sebuleni anatafuta kazi akiwa na doa. Ongeza kodi ya chumba kule, nauli za kurudi Morogoro, na nusu ya mshahara inayoliwa na mtu anayeishi peke yake mji wa ugeni. Ukuta ungepanda haraka mpaka kwenye kenchi, halafu ungekaa na majani mwaka mzima. Kuhusu mshahara wenyewe, ule uliotajwa kwenye simu hauna uzito mpaka uonekane kwenye karatasi yenye muhuri, pamoja na kipengele kinachosema kocha akiachishwa katikati ya mkataba analipwa miezi mingapi. Muulize kaka kama walimtumia rasimu. Naweka dau hawakutuma.

Kilichonishtua kuliko vyote kwenye barua yako ni hilo la leseni. Kocha mkuu wa Ligi Kuu anatakiwa awe na leseni daraja A ya CAF, shirikisho la soka Afrika, au inayolingana nayo. Kaka yako ana B. Kiongozi anayesema "hilo tutalimaliza sisi" hana uwezo wa kulimaliza. Anachoweza ni kutafuta mtu mwenye karatasi akamwandika yeye kuwa kocha mkuu, na kaka yako akaandikwa msaidizi au cheo kingine kitakachobuniwa, huku yeye ndiye anayebeba lawama uwanjani. Mambo ya leseni hayana simile hata kwa wakubwa: mwaka 2021 Simba ilimleta Thierry Hitimana wakati kocha wake mkuu Didier Gomes amekwama na masharti ya CAF ya kukaa benchi kwenye mashindano ya Afrika. Sasa fikiria timu ya mkiani. Siku mkitofautiana, unadai nini kwenye kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, wakati kwenye makaratasi wewe si kocha mkuu? Halafu kozi ya A inasomwa kwa awamu, na kila awamu mwajiri anatakiwa akuruhusu uondoke siku kadhaa. Klabu aliyopo inamruhusu. Timu yenye pointi 11 ingemruhusu vipi mwezi Machi? Kwa macho yangu, hata kama mengine yote yangekuwa mazuri, hili peke yake lilitosha kukataa.

Kuna jingine ambalo watu hawalisemi. Kocha msaidizi mzawa kwenye timu zetu ana nafasi ya ajabu. Makocha wa kigeni wanakuja na watu wao na kuondoka nao, mzawa anabaki. Mliona Simba: Novemba 2023 wanafungwa 5-1 na Yanga, siku mbili baadaye kocha wao Robertinho hayupo. Ukocha mkuu wa timu zetu kubwa ni kukalia kuti kavu lililofunikwa mkeka mzuri. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa pale pale, alikuwa kocha mkuu wa Lipuli, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani mwaka 2019, akapita Polisi Tanzania, na mwishoni mwa mwaka huo akarudi Simba kuwa msaidizi. Toka wakati huo amefanya kazi na makocha wengi kuliko anavyoweza kukumbuka shabiki wa kawaida. Kila mmoja ana mazoezi yake, lugha yake, namna yake ya kumwacha mchezaji nje bila kumvunja. Hicho ni chuo, na unalipwa ukiwa darasani. Kweli kina ubaya wake: kocha mkuu akitimuliwa, msaidizi mzawa ndiye wa kwanza kunong'onezewa kwamba alimfanyia figisu. Lakini ukiwa na moyo mgumu unavuna.

Na wakati mwingine cheo kinakukuta ulipo. Septemba 1996 Arsenal walikuwa hawana kocha. Bruce Rioch alikuwa ameshatimuliwa, na msaidizi wake Stewart Houston ndiye aliyekuwa anaishikilia timu kwa muda, kwa mara ya pili katika maisha yake. Houston akaondoka, akawa kocha mkuu wa Queens Park Rangers, timu iliyotoka kushuka daraja miezi michache tu nyuma. (Huko akamchukua Rioch yule yule awe msaidizi wake. Soka ina vituko.) Timu ikabaki mikononi mwa Pat Rice, kocha wa vijana, kwa wiki chache, mpaka Oktoba alipoanza kazi Arsène Wenger. Rice akawa msaidizi wake kwa miaka 16. Makombe mawili kwa pamoja mwaka 1998, tena 2002, kisha ule msimu wa 2003/04 ambao hawakupoteza hata mechi moja ya ligi. Houston alitimuliwa QPR Novemba 1997. Hakuwa na namna ya kujua ni nani anakuja Arsenal, kwa hiyo simcheki.

Hapa kwetu, Hemed Suleiman "Morocco" alikuwa msaidizi wa Adel Amrouche kwenye Taifa Stars. Januari 2024, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ikiendelea kule Ivory Coast, Amrouche akafungiwa na CAF, Hemed akajikuta yeye ndiye anayesimama kwenye mstari. Akaivusha timu: Novemba mwaka ule tukaifunga Guinea bao moja bila pale Uwanja wa Mkapa, tukafuzu AFCON ya 2025, na kwenye CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa 2025, tukafika robo fainali. Halafu, kabla ya fainali zenyewe za AFCON alizotufuzisha, timu akakabidhiwa Miguel Gamondi. Kwa hiyo hata njia hii haina mkataba wa milele. Ila tofauti yake na ile simu ya Januari ni kwamba wachezaji walikuwa wanamjua na yeye anawajua, hakuingia chumba cha wageni.

Sasa sehemu ambayo kaka yako hataipenda. Woga nao unaweza kuwemo. Nimefanya kazi na wasaidizi ambao kila simu ina kasoro: hii timu iko mbali, hii mwenyekiti wake mkorofi, hii jezi zake mbaya. Miaka kumi inapita, wanazeeka na filimbi shingoni wakisema wangetaka wangekuwa wakuu. Na simu zenyewe zina tabia; ukikataa ya kwanza watu wanakuheshimu, ukikataa ya tatu wanafuta namba. Njia ya kumpima ni kumuuliza swali moja, mkiwa wawili, siyo mbele ya mama: ingekuwa Juni, leseni ya A mkononi, timu iko nafasi ya nane na usajili unaufanya wewe, ungekwenda? Akijibu haraka "ningekwenda," mwache. Akianza kutafuta kasoro nyingine, basi ama anaogopa, ama ni mtu wa aina ya Kidd ambaye kazi yake ni ile aliyonayo. Hilo la pili si aibu, ila ajue mwenyewe ni lipi.

Maana wapo waliokwenda katikati ya msimu wakafaulu. Mikel Arteta alikuwa msaidizi wa Guardiola, akachukua Arsenal Desemba 2019 ikiwa katikati ya msimamo na imevurugika, na Agosti iliyofuata akabeba Kombe la FA. Lakini tazama alichokuwa nacho: alikuwa nahodha wa klabu ile, leseni anayo, na dirisha la Januari lilikuwa siku chache mbele yake. McClaren yule wa United naye alisubiri mpaka msimu wa 2001 ulipokwisha ndipo akaenda Middlesbrough, akaanza na maandalizi yake na wachezaji wake, na mwaka 2004 akawapa Kombe la Ligi. Kiti alichokaa baada ya Kidd kilikuwa kile kile. Mlango na mwezi wa kutokea ndivyo vilivyotofautiana.

Wifi yako msimlaumu kwa kununa. Mtu kakaa na jambo siku mbili kimya, akatoka na jibu la maneno matatu, na nyumba iko kwenye linta. Mwambie kaka akae naye na kalamu, waandike ile hesabu ya milioni 21.6 na 17.5 kwenye karatasi, na yeye mwenyewe amweleze habari ya leseni. Wake wa makocha wanaelewa haya mambo upesi kuliko kamati za utendaji, wakielezwa.

La mwisho ni la haraka, na nina wasiwasi nalo kidogo. Hujaniambia kama kocha wake mkuu anajua. Simu za namna hii hazikai siri wiki mbili. Kijiweni kwenu wameshajua, basi na redioni watajua. Kocha mkuu akisikia kwa mtangazaji kwamba msaidizi wake alikuwa anaongea na timu nyingine, hata kama alikataa, ataanza kufunga mlango akiwa anapanga kikosi. Kaka yako amfuate kesho asubuhi mapema, wakati wanapanga koni na wachezaji hawajafika. Haihitaji hotuba. Alipigiwa na nani, lini, akajibu nini. Na mshahara wa kule asiutaje, ataonekana anaomba nyongeza.